Uzi maalumu: Kuvua nguo za baiskeli zilizolowa jasho kwa stara (ufukweni, sheli, ofisini, kando ya barabara)

#1 KeriaNyuma (Dar es Salaam)

Wakuu, salaam kwenu.

Kila mtu akiuliza abadilishe vipi nguo baada ya kuendesha, hujibiwa kwa maneno mawili: "beba khanga". Jibu ni sahihi ila ni nusu. Asiyeelezwa ni khanga ipi, inafungwaje na nini kinatangulia kuvuliwa, ndiye itakayemwanguka pale Coco Beach Jumapili asubuhi watu wamejaa kwenye mihogo. Naweka hapa utaratibu mzima, wajuzi waongeze na kusahihisha.

Msingi ni mmoja: vazi kavu au kifuniko kinapanda mwilini kabla lililolowa halijashuka. Ukishika hilo huhitaji chumba, unahitaji mpangilio.

Vitu vya kubeba:

- Khanga moja kuukuu ya pamba, au kikoi. Khanga mpya ina wanga wa kiwandani, haishiki maji na inateleza kiunoni. Ifue mara nne tano kwanza.
- Kitambaa cha kujifutia, kipande cha khanga iliyochakaa kinatosha. Kiwe mbali na ile ya kujisitiri.
- Chupa ya maji matupu ya mililita 750, isiyowahi kutiwa juisi wala maji ya glukosi. Sukari ikikauka kwenye ngozi inanata.
- Kandambili.
- Mpira wa tyubu kuukuu, upana wa sentimita 2, urefu wa sentimita 70 hadi 80. Huu ndio mkanda wa khanga.
- Mfuko wa kutia nguo mbichi.

Sasa hatua, kwa bukta yenye kanda za mabegani, maana ndiyo inayosumbua kuliko zote.

Egesha baiskeli ukutani au kwenye mti, si kwa stendi ya mguu mmoja, kwa sababu utaiegemea. Vua helmeti na glovu, tundika kwenye usukani. Vua viatu, simama juu ya kandambili. Kleti (vile vipande vigumu chini ya viatu vinavyonasa kwenye pedeli) juu ya vigae ni kuteleza, na mtu anayesimama kwa mguu mmoja akiwa na kleti ameshaanguka, bado tu hajafika chini.

Jezi ikiwa na zipu ya hadi chini, ifungue yote lakini usiivue. Ndani yake teremsha kanda ya bega moja, toa kiwiko, kisha ya pili. Kanda zinaning'inia kiunoni na kifua bado kimefunikwa. Jezi ya zipu nusu haikubali hivyo. Hiyo lazima ivuliwe kwanza, na mwanamke ajifunge khanga kifuani kabla ya kuivua.

Funga khanga juu ya bukta, usawa wa kitovu, miguu ikiwa imepanuka kama upana wa mabega. Hapa wengi wanakosea: wanafunga miguu ikiwa imebanwa, halafu wanapotaka kuinua goti khanga inakataa, wanaivuta, inafunguka. Sehemu inayopishana iwe sentimita 30 hadi 40 na ikae ubavuni juu ya nyonga, si mbele, kwa sababu ukiinama sehemu ya mbele ndiyo inayoachama. Kunja ukingo wa juu kwa nje mara tatu, kisha pitisha mpira wa tyubu juu ya mkunjo na ufunge. Kuchomeka ncha peke yake kunatosha mwili mkavu. Kiuno chenye jasho hakishiki ncha.

Sasa bukta. Usianze kuivuta kutoka juu. Anza na ule ukanda wa mpira unaobana pajani: ukunje kuelekea juu kwa nje, miguu yote miwili. Usipofanya hivyo unang'ang'ania ngozi, bukta inajikunja kama kamba na inaburuta khanga pamoja nayo. Ukishakunja, ingiza mikono kwenye uwazi wa ubavuni, sukuma bukta hadi katikati ya mapaja. Toa mikono. Vuta kutoka chini, mguu mmoja mmoja, hadi magotini. Kaa kwenye kizingiti au jiwe umalizie.

Jifute, kisha chupi na suruali zinapanda ndani ya khanga. Khanga inatoka mwisho kabisa, baada ya kifungo na zipu ya suruali kufungwa.

#2 PedeliPolepole (Arusha)

Mkuu KeriaNyuma, asante kwa uzi. Naongeza kuhusu mpangilio wa begi, maana stara huharibikia humo. Cha kutumika kwanza kikae juu: kandambili, chini yake khanga, halafu kitambaa cha kujifutia, chupi, suruali, na shati chini kabisa. Ukilazimika kupekua begi huku umefunga khanga tayari, unainama, unageuka, unatumia mikono miwili, na hapo hakuna anayeshikilia chochote.

Chupi ipitishwe kabisa ndani ya miguu ya suruali ukiwa nyumbani, zivaliwe kwa mpigo mmoja. Inapunguza nusu ya muda. Inafaa suruali pana. Jinzi ya kubana juu ya ngozi yenye unyevu haipandi, inaishia gotini.

#3 Bi_Mkubwa_wa_Gia (Zanzibar)

Kwa wanawake wenzangu: achaneni na khanga kama chombo cha kwanza, bebeni dera. Dera ni hema. Linapita kichwani, lina nafasi ya mikono yote miwili kufanya kazi ndani, halipeperuki likaachama, na ukimaliza umeshavaa, unaweza kwenda sokoni nalo. La pamba, la rangi iliyokolea. Ya kitambaa laini cha sintetiki yananata mwilini penye jasho na yanaonyesha umbo lote.

Mpangilio: dera juu ya kila kitu, jezi na bukta zikiwa bado mwilini. Ingiza mikono ndani, fungua zipu ya jezi, vua jezi ipite chini. Halafu sidiria ya michezo, ambayo ndiyo mtihani. Ikiwa imelowa usiivute kwa kupitisha kichwani, itajikunja kwapani ikawa kamba na mikono itakwama juu. Toa mkono mmoja kwenye kanda yake, kisha wa pili, iteremshe hadi kiunoni, itokee miguuni. Ikiwa inabana sana na nyonga ni kubwa kuliko kiuno, ifuatane na bukta, zishuke pamoja. Anayenunua mpya atafute yenye zipu au kulabu za mbele.

Baada ya hapo bukta kama alivyoeleza kaka KeriaNyuma, ila bila mpira wa tyubu.

Na kwa visiwani: Mji Mkongwe mtu hatembei na bukta ya kubana wala kifua wazi mitaani, mgeni au mwenyeji. Buibui jepesi au dera livaliwe kabla ya kuingia mitaa ya ndani, huko huko pembezoni. Mwezi wa Ramadhani ndiyo zaidi.

#4 GiaYaKwanza (Dodoma)

Naomba kueleweshwa. Kwa nini mtu akishabadilisha, baada ya dakika kumi shati kavu nalo linalowa? Jasho hilo linatoka wapi wakati ameshasimama?

#5 KeriaNyuma (Dar es Salaam)

Ndugu, umegusa penyewe, na ilipaswa kuwa kwenye bandiko la kwanza.

Misuli ikisimama, joto la ndani ya mwili halishuki papo hapo. Na ule upepo wa kwenda uliokuwa ukikausha ngozi unakatika ghafla. Ndiyo maana mtu anatota zaidi dakika tano baada ya kushuka kuliko alipokuwa juu ya baiskeli. Kwa Dar na Pwani, hewa imejaa unyevu, jasho halikauki, linatiririka tu. Ukivaa shati wakati huo, umelitoa kafara.

Kwa hiyo kilomita 2 za mwisho punguza gia, zungusha miguu taratibu, fungua zipu ya jezi nusu. Ukishuka tembea, usikae. Mwagia maji kidogo shingoni na kwenye viganja, simama kivulini penye upepo. Dar hesabu dakika 15 hadi 20, Dodoma au Arusha hewa kavu inatosha hata kwa dakika 5 hadi 8.

Kipimo: futa paji la uso kwa kitambaa kikavu, hesabu hadi 60, pitisha kidole. Kikilowa, bado. Kikitoka kikavu, vaa.

Bukta na chupi unaweza kuvibadilisha mapema, huko chini unyevu wa pedi (ile sponji iliyoshonwa ndani ya bukta pa kukalia) ndio mbaya. Shati ndilo la kusubiri.

#6 LesoMbili (Mombasa)

Kakangu, hapo kwa baridi ni kinyume kabisa, watu wa bara wasije wakaugua kwa kufuata kanuni ya pwani. Limuru, Njombe, hata Nairobi mwezi wa saba asubuhi: jezi mbichi pamoja na upepo humnyonya mtu joto kwa dakika chache. Huko cha kwanza kutoka ni cha juu. Vua jezi na fulana ya ndani, futa kifua na mgongo, vaa kavu na jaketi juu, ndipo ushughulikie ya chini kwa raha zako.

Sasa niseme kuhusu upepo wa ufukweni, maana hapa leso (khanga kwenu) inapofungwa vibaya hugeuka tanga. Wakati wa kusi pepo zatoka kusini mashariki, baharini, zapiga ufuo wetu karibu kwa mkabala. Wakati wa kaskazi zatoka kaskazini mashariki. Uupe upepo mgongo na uwazi wa leso ukae upande wa kinga, upande ambao upepo hauufikii. Ukigeuka ukauelekea, upepo huingia kwenye uwazi na kuinua pindo la chini lote.

Na jua. Leso nyepesi ikiwa na jua nyuma yako, aliye mbele yako aona kivuli cha miguu yote. Asubuhi ufukweni jua latoka baharini, na watu wako barabarani nyuma yako. Ukiwa kati ya jua na watu, umejianika bila kujua. Ingia upande wa pili wa mti, wa kibanda au wa gari, kivulini. Au uvae leso mbili, moja juu ya nyingine, ndiyo maana zauzwa kwa jozi.

#7 Fundi_Spoku (Morogoro)

Wakuu, mpira wa tyubu ni wazo zuri ila uoshwe kwanza kwa sabuni. Ndani ya tyubu kuna unga mweupe wa kiwandani, na mpira wenyewe unaacha weusi kwenye kitambaa cheupe ukilowa. Kateni kwa urefu wa tyubu, si kwa kukatisha. Ukikatisha unapata pete ndogo za kufungia funguo tu. Tyubu ya baiskeli kubwa inatoa vipande viwili vya kutosha.

Na kitu kidogo kinachookoa: ndoano ya chuma ya herufi S, ya kutundikia begi. Vyoo vingi vya sheli na stendi havina msumari hata mmoja mlangoni, sakafu ni maji, na choo ni cha shimo. Begi likiwekwa chini limeisha. Ndoano inashika ukingo wa juu wa mlango, au nondo ya dirisha. Ikikosekana, vaa begi mbele kifuani, ubadilishe hivyo hivyo. Inawezekana kabisa kwa nguo za chini.

Simu na funguo zitoke kwenye mifuko ya nyuma ya jezi KABLA hujaanza. Jezi ikigeuzwa nje ndani juu ya choo cha shimo, simu haina kurudi.

#8 TegetaPosta (Dar es Salaam)

Wakuu mmezungumzia ufukweni na barabarani. Kwa mtu anayeendesha kwenda kazini, Mwenge hadi Posta kwa mfano, kama kilomita 10 hivi, na ofisini hakuna bafu, kuna choo tu chenye sinki moja?

#9 KeriaNyuma (Dar es Salaam)

Mkuu, hiyo inahitaji ratiba kuliko vifaa.

Kwanza mzigo usiwe mgongoni. Begi la mgongoni linaziba hewa, mgongo unatoka umechora ramani ya jasho. Tumia keria, begi lifungwe kwa mpira. Kwa baiskeli isiyo na keria, kufunga keria ni kazi ya nusu saa kwa fundi na italipa kila siku.

Pili, Ijumaa jioni au Jumatatu kwa daladala peleka ofisini viatu, mkanda, koti na mashati ya wiki. Viatu ndivyo vizito, na mkanda ndio husahaulika. Inayosafiri kila siku iwe chupi na suruali. Suruali isikunjwe, iviringishwe kuanzia miguuni pamoja na taulo dogo ndani ili isipate mkunjo mkali. Shati likibidi kusafiri, fungia juu ya kipande cha boksi cha ukubwa wa karatasi ya A4, kola ikae wima.

Tatu, fika dakika 25 kabla ya kazi. Dakika 15 ni za kupoa nje, ukiwa na jezi yako, ongea na mlinzi kuhusu mahali pa kufungia baiskeli. Dakika 7 ni za chooni. Usiingie ofisini na kupita mapokezi ukiwa na bukta ya kubana. Kaptura pana juu ya bukta inatatua hilo, na ivaliwe nyumbani kabla ya kuondoka.

Nne, chooni. Sinki usiligeuze bafu, wenzako wanalihitaji na sakafu ikilowa atalaumiwa mfanya usafi. Lowesha kitambaa sinkini, kamua, ingia ndani, funga mlango. Mpangilio wa kujifuta: uso na shingo, kifua na mgongo, suuza kitambaa, kwapa kwa sabuni kidogo, suuza tena, halafu kinena na makalio kwa kitambaa cha pili, miguu mwisho. Chupa yako ya mililita 750 inatosha yote haya bila kutoka kufuata maji: robo ya juu ya mwili, robo kwapa, robo kinena, inayobaki miguu. Kisha dawa ya kwapa kwenye ngozi KAVU. Ikipakwa juu ya jasho inachanganyika nalo na kuteleza, haifanyi kazi.

Kunyunyizia manukato juu ya jasho nakukataza kabisa. Harufu mbili haziuani, zinaungana.

#10 NesiZamuUsiku (Mwanza)

Naunga mkono, na naongeza upande wa ngozi maana mtu akijua sababu hapuuzi.

Jasho lenyewe likitoka karibu halina harufu. Harufu hutengenezwa na bakteria wa kwenye ngozi wanapolivunja jasho la kwapani na kinenani. Ndiyo sababu kufuta mapema kunasaidia kuliko kupulizia baadaye, na ndiyo sababu kitambaa kisicho pamba, kama cha jezi nyingi, kinashika harufu hata baada ya kufuliwa.

Pedi ya bukta ikiwa mbichi na mtu akaendelea kukaa nayo saa nzima anakunywa soda, anakaa juu ya joto, unyevu na msuguano kwa pamoja. Vinyweleo vinavimba na kuwa vipele vyenye usaha, na fangasi wa kinena wanapata shamba. Lengo liwe kuivua ndani ya nusu saa. Na wanaovaa chupi ndani ya bukta yenye pedi waache: mshono wa chupi ndio unaochubua, na pedi imetengenezwa kugusa ngozi.

Kujifuta: wanawake kutoka mbele kwenda nyuma, daima. Waipsi zenye spiriti au manukato zisiguse sehemu iliyochubuka, zinaunguza na kuongeza muwasho. Maji na sabuni isiyo kali yanatosha. Kausha kwa kubonyeza kitambaa, si kusugua.

Poda: kidogo juu ya ngozi kavu ni sawa, juu ya unyevu inakuwa matope yanayosugua.

Kikitokea kipele chenye kichwa usikiminye. Kitambaa cha maji ya uvuguvugu dakika 10 hadi 15, mara tatu kwa siku, na baiskeli ipumzike. Kikikua, kikawa na maumivu makali, wekundu unaosambaa au homa, nenda kituo cha afya.

Muwasho wa kinena wenye duara na ukingo uliojitokeza mara nyingi ni fangasi. Krimu ya klotrimazoli asilimia 1, mara mbili kwa siku, kwa wiki 2 hata kama muwasho umeisha siku ya nne. Tafadhalini sana, msinunue zile krimu za mchanganyiko zenye betamethazoni kwa sababu tu zinatuliza haraka. Hiyo ni steroidi. Inazima muwasho huku fangasi wakienea chini kwa chini, na ngozi ya kinena inakuwa nyembamba na kuchanika michirizi.

#11 GiaYaKwanza (Dodoma)

Dada Nesi, mafuta ya nazi je? Wengi hupaka kabla ya kuendesha.

#12 NesiZamuUsiku (Mwanza)

Yanapunguza msuguano kwa muda mfupi, lakini yanaziba vinyweleo kwa wenye ngozi inayotoa vipele, na yanashika kwenye pedi. Baada ya safari yasipakwe, ngozi iachwe ipumue. Penye mchubuko, krimu yenye zinki, ile ya watoto wa nepi, inafaa zaidi.

#13 MlimaPugu (Kisarawe)

Kwa wanaokwenda na gari hadi Pugu kuendesha msituni: gari si chumba kama watu wanavyodhani. Kioo cha mbele hakina tinti, na mtu aliye ndani anaonekana kama yuko dukani. Weka kile kizuia jua cha kioo cha mbele, egesha uso wa gari ukiangalia ukuta au kichaka. Fungua milango miwili ya upande mmoja, ya mbele na ya nyuma: katikati yake pana kijumba cha pande tatu. Kaa ukingoni mwa kiti cha nyuma, miguu nje, khanga mapajani. Ndani kabisa ya gari goti linagonga siti, mtu anahangaika dakika kumi na jasho linaanza upya.

Tandika kitu kwenye siti kabla. Jasho likiingia kwenye sponji ya siti, kulitoa ni kazi kubwa.

Mwenzako asimame upande ulio wazi AKIKUPA MGONGO, akiangalia watu na simu zao.

#14 Bi_Mkubwa_wa_Gia (Zanzibar)

Na mahali pasipofaa pasemwe. Nyuma ya nyumba ya mtu si mahali, hata pakiwa na migomba. Kwa mwenye nyumba ni matusi, hata kama haukuonekana mwili. Piga hodi, omba, utapewa uwani au bafu na ndoo ya maji juu yake. Karibu na shule, hapana. Vyoo vya msikiti vipo kwa tahara, na mpita njia mara nyingi huruhusiwa kwa haja, lakini aombe ruhusa, asiingie na kleti, asitandaze laikra (zile nguo za kubana zinazovutika) kwenye kuta, na asiwe humo karibu na adhana watu wanapokuja kutawadha. Sheli ni bora zaidi: nunua hata maji, uliza, kisha ingia.

#15 PedeliPolepole (Arusha)

Nguo mbichi mnazitia wapi? Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku Juni 2019 ile rambo ya kufungia nguo haipo, na hivi vifuko mbadala vinavuja unyevu hadi kwenye shati.

#16 LesoMbili (Mombasa)

Kwetu Kenya ilitangulia, Agosti 2017, tumezoea. Njia mbili. Ya kwanza mfuko usiopitisha maji, ule wa mdomo wa kukunja mara tatu na kufunga, lita 5 hutosha jezi, bukta na soksi. Kama hauna, kata tyubu ya gari kuukuu, sentimita 40, funga chini kwa kamba na juu kwa kamba. Ni mzito lakini hautoboki.

Ila hiyo ni ya kusafirishia tu. Laikra mbichi ikifungiwa kwa muda wa saa nane kazini yatoka na ukungu. Ukifika, itoe, iviringishe ndani ya kitambaa kikavu, ikamue kwa kukanyaga, itundike nyuma ya keria au pahali penye hewa pasipo macho ya watu. Wavu wa kubebea vitunguu hutosha kutundikia: hewa yapita, na mtu haoni bukta, aona mfuko.

#17 Fundi_Spoku (Morogoro)

Kufua, kwa ufupi. Siku hiyo hiyo. Maji baridi, sabuni ya kawaida kidogo, geuza ndani nje ili pedi ioshwe. Usitumie jiki: klorini inakula nyuzi za mpira ndani ya laikra, bukta inalegea. Usitumie dawa ya kulainisha nguo, inaacha utando na pedi haitanyonya tena. Pedi isipindwe kukamuliwa, inavunjika sponji. Bonyeza kati ya viganja. Anika kivulini, pedi juu. Jua kali la saa sita linachakaza laikra, ingawa pedi ikipata jua la asubuhi dakika chache haidhuriki.

Harufu ikigoma: siki nyeupe kikombe kimoja kwa maji vikombe vinne, loweka nusu saa, kisha fua kama kawaida.

#18 TegetaPosta (Dar es Salaam)

Khanga nyekundu ikilowa jasho inachuja kwenye suruali. Wanasema iloweke kwenye maji ya chumvi rangi ishike. Ni kweli?

#19 Bi_Mkubwa_wa_Gia (Zanzibar)

Si kweli kwa khanga ya kiwandani, rangi imeshapigwa, chumvi haiirudishi ndani. Kinachofaa ni kuifua peke yake kwa maji mengi hadi maji yatoke meupe. Nyekundu na nyeusi zinaweza kutaka mara sita. Ipime: lowesha ncha, sugua kwenye kitambaa cheupe. Ikiacha rangi bado si ya safari.

#20 GiaYaKwanza (Dodoma)

Mtu mwenye mwili mkubwa, nyonga sentimita 125, khanga moja ya mita moja na nusu haipishani vya kutosha. Afanyeje bila kubeba mbili?

#21 KeriaNyuma (Dar es Salaam)

Ndugu, huyo asihangaike na kufunga. Ashonewe mzunguko, kama saruni. Doti nzima isiyokatwa, karibu mita 3, inatosha na inabaki. Mzunguko uwe nyonga jumlisha sentimita 45 hadi 50, kwa huyo sentimita 170 hadi 175. Pungufu ya hapo hawezi kuinua goti ndani yake, zaidi ya hapo inamkanyagisha. Urefu uache ule ule wa khanga: akiivuta juu inafika kifuani, akiishusha ni ya kiunoni.

Juu ashone pindo la sentimita 3 lenye tundu moja, lastiki ya sentimita 2.5 ipite humo. Lastiki iwe na urefu wa kiuno toa sentimita 10, na ncha zake zitokeze nje kwa fundo, zisishonwe, ili aikaze akitaka kuivaa kifuani. Pembeni kwenye mshono aache mpasuo wa sentimita 25 kuanzia sentimita 15 chini ya lastiki, upande mmoja tu. Hapo ndipo mkono unapoingia kusukuma bukta, na nguo kavu zinapoingilia. Mpasuo uongezewe kipande cha kupishana cha ndani, upana wa sentimita 8, usiachame.

Fundi wa cherehani wa mtaani anaimaliza akiwa na foleni ya kawaida. Mwambie mshono wa pembeni aupige mara mbili, kwa sababu ndio unaovutwa mtu anapokaa.